Mfuko wa Popo wa Kumi na Tano

Mume wa dada yangu anakamata popo. Zamani alikuwa fundi wa nyavu. Akasikia maabara inatafuta mtu asiyeogopa kung'atwa, akaenda na glovu zake mwenyewe, wakamchukua. Mtaani wanamwita Bundi, tofauti ya bundi na popo hawaijui.

Kazi yenyewe ni hii: anatega wavu mdomoni mwa pango. Popo akinaswa, anapanguswa kinywa palepale kwa kijiti chenye pamba, kisha anatiwa peke yake katika mfuko wa kitambaa mpaka anye. Kinyesi kinaingia kichupani, popo anaachiwa, mfuko unachemshwa. Maabara inatafuta virusi humo na kusoma vinasaba vyake, herufi moja moja.

Wiki ya kusaini mkataba mpya, Daktari, mkuu wa maabara, alimwita akicheka. Kinyesi cha popo wa kumi na nne na wa kumi na tano kilikuwa na virusi vigeni kabisa, herufi zimefanana zote.

"Bundi, wanaambukizana humo pangoni! Nimeshaanza ripoti."

Bundi akaja kwangu dukani na dada, akatueleza. Siku ya kuwakamata hao wawili mvua ilinyesha, mifuko iliyochemshwa haikukauka. Wa kumi na tano alimtia katika mfuko aliotoka wa kumi na nne, bila kuuchemsha.

"Nyamaza, baba watoto," dada akasema. "Popo ataenda kushtaki?"

"Watarudi pangoni kuhakikisha," nikasema. "Shemeji, kosa ukilipeleka mwenyewe unaweza kulijadili. Wakilifuma, umekwisha."

Asubuhi akaenda. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Kitumbua changu kimeingia mchanga, Bundi. Na mchanga ni wewe."

"Ni mimi, Daktari. Lakini vijiti vya kinywa ni safi, nilipangusa kabla ya mfuko. Vipime."

Wakapima. Wa kumi na nne alikuwa na virusi hata kinywani. Wa kumi na tano, hakuna kitu. Haikutosha kuthibitisha kwamba hana virusi, ila ilitosha kumfuta popo huyo kwenye ripoti.

Mkataba ukaja wa miezi mitatu badala ya mwaka. Bundi aliusoma mara mbili, akauweka mezani.

"Sisaini mpaka niongezewe mifuko thelathini. Mvua itanyesha tena."

Daktari akamtazama kama anayepima nyama.

"Ishirini."

Akasaini.