Kuku wa Mama Mkwe Alipovimba Tumbo

Mama mkwe alinikabidhi yule kuku siku ya tatu baada ya harusi: mtetea mwekundu, kishingo asiye na manyoya shingoni, mwenye macho makali. "Huyu ni wa mayai," aliniambia. "Mtunze."

Mimi na mume wangu tukaenda na kuku huyo Butimba, kwenye vyumba viwili vya kupanga na ua mdogo nyuma. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akafungua kibanda cha kutengeneza redio kule Igoma. Miaka ile kila mtu mjini alikuwa anafungua kibanda cha kitu fulani. Meza hatukuwa nayo. Tulikuwa na godoro, beseni la bluu na kuku, na tulicheka kwa kila kitu, hata ugali ukiungua.

Kumbe kuku naye ana siku zake. Wiki moja akavimba tumbo. Akawa anatembea miguu imetanuka, anayumba kama bata, hatua tatu anakaa. Pumba hagusi. Nilimpapasa chini, nikakuta pamejaa, pagumu, pana joto. Na ndiyo wiki tuliyoletewa habari kwamba mama anavuka ziwa na kivuko kutoka Kamanga, Jumamosi yuko kwetu.

"Atamuulizia kuku kwanza, sisi baadaye," mume wangu alisema.

Jumamosi asubuhi alirudi mbio kutoka kwa bwana mifugo mmoja aliyeuza dawa jirani na kibanda chake. Bwana mifugo alimwambia huenda ni maji yamejaa tumboni, na hapo hakuna la kufanya. Huenda ni yai limekwama. Tumkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tusimminye kabisa, maana yai likipasukia ndani atakufa.

Nikachemsha maji, nikayapoza, nikayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kuku alipoyagusa alipiga mabawa, tukalowa wote wawili mpaka kichwani. Kisha akatulia. Akafumba macho, akalaza shingo yake tupu kwenye mkono wa mume wangu, akasinzia.

"Mbona mimi hujawahi kunikanda hivi?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka maji yakamwagika. Nami nikashindwa kujizuia.

"Hodi humu!"

Mama mkwe amesimama pembeni ya nyumba, kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nikapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnamwogesha kuku?"

Mume wangu akafungua mdomo aeleze, kikatoka kicheko tu. Mama akatua kikapu, akajifunga kanga vizuri, akachungulia. "Lete mafuta ya kula," akaniagiza. Akachovya kidole kidogo, akampaka kuku nyuma taratibu, akampuliza kichwani. "Sasa mwacheni."

Tukainamia beseni sote watatu. Kuku akasimama, akajikaza, akatoa sauti kama mlango mbovu. Pwa! Yai likadondoka majini, kubwa, halina ganda, linatikisika kama puto. Kabla hatujasema neno, likafuata la pili, lenye ganda.

Akaruka nje, akajikung'uta, akammwagia mama maji usoni, akakimbilia pumba.

Mama akakaa chini kwenye tope na kanga yake nzuri, akacheka huku machozi yakimtoka. "Yai halina ganda, anakosa dagaa huyu," akasema alipopata pumzi. "Mtwangieni dagaa!" Nikaenda sokoni nikiwa bado nimelowa, nacheka peke yangu njia nzima, watu wananigeukia.