Nilikwama kwenye lifti Mwanza na mama mkwe ambaye siruhusiwi kumtazama

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wengine poleni na mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga ningejiwekea sehemu ya ushujaa, na humu ndani hamna.

Mimi nakaa Nyasho, Musoma, nauza mabati na saruji pale Iringo. Mke wangu ni Nyangeta, kwao Butiama. Tuna binti mmoja, Wakuru, ndiyo maana ukweni naitwa Baba Wakuru.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: huku mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani kama kaona nyoka.

Ukivunja mwiko, wazee wanakutoza mbuzi. Na mbuzi ndiyo nafuu, maana aibu yake itakutangulia mpaka Bunda.

Shida ya utaratibu huu ni kwamba tangu nioe sijawahi kujua kama yule mama ananikubali au ananivumilia. Salamu zake zinapitia kwa mke wangu: "Mwambie Baba Wakuru, hajambo?" Sasa hapo utasoma nini?

Na nilikuwa na sababu ya wasiwasi. Kabla yangu kuna mwalimu alishaposa pale. Nilikuwa najiambia mama alimtaka mwalimu, akaletewa muuza mabati. Iliniuma kwa miaka, sitawaficha.

Turudi kwenye safari.

Nilipanga wikiendi moja nikale raha Mwanza na mke wangu, wawili tu. Mtoto abaki Kigera kwa dada yangu. Nyangeta akampigia mama yake kumtaarifu, simu ikiwa spika.

Mama akasema, "Mna raha nyie. Mimi hata Bunda naonaga ni Ulaya."

Nyangeta akanitazama. Waliooa mnayajua hayo macho. Nikajisikia nasema, "Na mama aje."

Ndivyo fungate yangu ilivyokufa, wakuu.

Mama akapandia basi letu Makutano, akakaa mbele nyuma ya dereva. Mimi nikakimbilia siti ya mwisho kabisa, ile ambayo kila tuta linakurusha darini. Tulipofika Bunda nikanunua mahindi ya kuchoma, Nyangeta akayapeleka mbele, akarudi na ujumbe: "Mama anasema mwambie Baba Wakuru asante."

Hotelini dada wa mapokezi akatupa vyumba viwili vinavyopakana. Nikamwambia hapana, mama ghorofa ya pili, sisi ya tano.

"Mna ugomvi?" akauliza.

"Hapana dada, ni heshima."

Alituangalia kama watu wanaokwepa polisi.

Halafu mama akasema hawezi kulala peke yake kwenye nyumba yenye watu wengi asiowajua. Nyangeta akahamia ghorofa ya pili. Mimi nikalala ghorofa ya tano na mito minne, nikiangalia taarifa ya habari.

Lakini jiji lilimkubali yule mama, na yeye akalikubali. Tulikwenda kuyaona yale mawe makubwa ziwani. Kila Nyangeta akitaka kutupiga picha, mama anajificha nyuma ya jiwe. Nina picha nyingi za Mwanza zenye kipande cha kitenge pembeni.

Kwenye jengo la maduka akakutana na ngazi za umeme. Mwanzo aligoma. Alipopanda mara moja, basi, ikawa anapanda anashuka, anacheka peke yake kama msichana. Mimi sikulijua hilo, nikapanda zangu kwenda juu kutafuta viatu. Yeye anashuka, mimi napanda, hakuna vichaka vya kuingilia. Nikavuta kofia mpaka kidevuni. Kufika juu sikuona mwisho wa ngazi, nikaanguka mbele ya duka la nguo za ndani za akina mama.

Hayo yote yalikuwa ya kuonja tu.

Kesho yake mchana nilikuwa nimetoka kununua maji. Nikaingia kwenye lifti peke yangu, nikabonyeza tano. Kumbe muda huo Nyangeta na mama wako ghorofa ya pili wanataka kushuka wakale. Nyangeta akabonyeza kitufe cha kuita lifti, akakumbuka kasahau simu chumbani, akamwambia mama amsubiri.

Lifti ikasimama pale pili, mlango ukafunguka. Mama alikuwa amegeukia korido, anamwangalia binti yake. Akaingia kinyumenyume. Lifti alikuwa hajawahi kuipanda, alidhani ndicho chumba cha kusubiria.

Mlango ukafunga.

Akageuka. "Yesu wangu!" Akajifunika kitenge uso mzima.

Mimi nikageukia ukuta haraka. Ukuta ni kioo. Tukatazamana humo. Akageukia upande mwingine, na huko kioo. Wakuu, ile lifti ilikuwa na vioo pande tatu. Kila nikimkwepa mama mkwe mmoja nakutana na mwingine.

Na hapo ndipo lifti ilipotikisika, ikasimama katikati.

Nikabonyeza kengele mpaka kidole kikauma. Sauti ya mlinzi ikatoka huko chini: "Mko wangapi humo?"

"Wawili," nikajibu, "lakini hatuko pamoja."

"Mnafahamiana?"

"Ndiyo," nikasema mimi.

"Hapana!" akasema mama.

Mlinzi akatuambia tutulie, fundi anakuja. Nikafumba macho nikaanza kuhesabu mbuzi. Nilijua kama huyu mama alikuwa ananivumilia, leo uvumilivu umefika mwisho.

Mara nikasikia:

"Wewe wa kwenye kioo."

Nikazidi kufumba macho.

"Wewe. Si nakuona una mdomo?"

"Ninao, mama."

"Mimi na mkwe wangu hatuongeagi. Lakini wewe ni kioo tu. Ukimwona, mwambie ule mwaka nimelazwa, nilijua nani alikuwa analalaga kwenye benchi nje ya wodi. Nilikuwa namwonaga dirishani. Mwambie nilikosa pa kusemea asante."

Wakuu, lile benchi nililala kwa sababu ndani siruhusiwi, na sikujua kama kuna mtu aliona.

Nikajikaza. "Mama, huyo mkwe wako anasema yeye alidhani ulimtaka mwalimu."

Akaguna. "Mwalimu walimtaka wazee. Alikuja nyumbani tukampikia samaki, sato, akaacha kichwa. Mtu anaachaga kichwa cha sato, huyo hata mke ataacha. Mkwe wangu alikula kichwa, akanyonya na macho. Nikasema huyu ndiyo wangu. Niligombana na wazee mpaka wakakubali."

Mimi huku machozi yananitoka, lakini swali likanijia.

"Sasa mama, ulimwonaje akila, na wewe ulikuwa jikoni?"

Akavuta kitenge vizuri usoni.

"Ukuta wa jikoni una tundu," akasema. "Hilo usimwambie."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka ndani ya kitenge. Halafu akaongeza, "Na mwambie apunguze ugali. Hilo tumbo linafikaga kabla yake."

Lifti ikashtuka, ikashuka taratibu mpaka chini. Mlango ukafunguka, tukamkuta Nyangeta kashika kichwa kwa mikono miwili, mlinzi, fundi, na dada wa mapokezi aliyekuja kuona heshima imeishia wapi.

Mama akatoka kajifunika. Akamwambia Nyangeta kwa sauti ili kila mtu asikie: "Mwambie Baba Wakuru, popote alipo, hii lifti ni mbovu. Apandage ngazi."

Mimi nilikuwa nyuma yake hapohapo.

Tulirudi Mara vilevile, yeye mbele, mimi siti ya kurushwa. Makutano akashuka bila kugeuka.

Nilichojifunza: heshima ya kwetu ni nzuri na siivunji, lakini mnaweza kupendana miaka yote na kila mtu asijue. Kama kuna asante umeikalia, itafutie pa kupitia, hata kama ni kwenye kioo. Na kama kuna mzee wa ukoo humu jukwaani anataka mbuzi wake, akamtoze mwenye lifti.

Wenye wakwe mnaoheshimiana nao kwa mbali, tupieni visa vyenu hapo chini.

Ila kwanza nisaidieni jambo moja. Juzi mama kapiga simu kwa Nyangeta: "Mwambie Baba Wakuru, yapo maneno sikuyamaliza kwa yule wa kwenye kioo. Huko Dar nako wana lifti?"

Kwa hiyo mwenye kuijua hoteli ya Dar ambayo lifti yake inakwamakwama, naomba anitajie.