Video Isiyo na Mbele Wala Nyuma

Siku niliyomwambia Profesa, mbele ya watu kumi na moja, kwamba seli zake hai zimekufa, mikononi nilikuwa nimebeba trei ya vikombe vichafu vya kahawa.

Hakuna aliyeniuliza. Maneno yalinitoka yenyewe.

Kwa wanaonijua, hilo peke yake ni ajabu. Mimi Obdulia ndiye yule mtu anayeshuka ngazi ghorofa tatu ili asisalimiane na watu kwenye lifti.

Kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Shule niliishia darasa la nne kule kwetu Oaxaca, kwa hiyo siku ya kwanza kazini nilijiapiza: osha, kausha, nyamaza.

Aliyeniharibia kiapo ni Briseida.

Dada huyu alikuwa mwaka wa sita anasomea udaktari wa sayansi. Alikuwa anatia chembe za plastiki, ndogo kuliko vumbi la unga, ndani ya seli hai, kisha anazirekodi kwa hadubini zikihangaika humo ndani. Kati ya sinki langu na kompyuta yake kulikuwa na meza moja tu.

Siku moja akanigeukia.

"Mdogo wangu, njoo uone. Hii video naicheza mbele au kinyume?"

Nikatazama. Chembe ilikuwa inatetemeka. Mara ikavutwa polepole, kama mtu aliyeshikwa mkono wa shati sokoni. Halafu ikaachiwa. Pwaa! Ikarudi.

"Mbele."

"Umejuaje?"

"Inavutwa polepole, inaachiwa ghafla. Kinyume ingeruka ghafla halafu irudi inajikokota."

Alicheka mpaka akashika meza. Tangu hapo ukawa mchezo wetu, anayeshindwa ananunua mkate wa sukari kwa Doña Chole, mama muuza mikate wa pale nje. Sikuwahi kununua.

Isipokuwa kwa zilizokufa.

Seli ikitiwa sumu ya kuikata nguvu, kinachobaki ni joto la maji kuitikisa chembe huku na huku. Icheze mbele, icheze kinyume, utaona kitu kile kile.

"Hapo hata Profesa anabahatisha," Briseida aliniambia. "Kilicho hai kinakula, kinavuta, kinaachia. Kilichokufa hakina mbele wala nyuma."

Kuithibitisha tofauti hiyo kwa hesabu ndiyo ilikuwa shahada yake. Na alitakiwa amalize kabla ya mwezi wa sita kwisha, kwa sababu kazi ilikuwa inamsubiri San Diego, na walishamwambia hawasubiri tena.

Sasa, watu hawa wana desturi moja: hawaamini macho yao wenyewe. Wanasema ukijua kipi ni kipi, utaona unachotaka kuona.

Kwa hiyo visahani vya seli haviandikwi kitu. Vinapangwa kwenye sinia, mstari wa kushoto na mstari wa kulia. Kaka Kip, mtani mkuu wa maabara, anarusha sarafu, anatia sumu mstari mmoja, anaandika ni upi, anafungia karatasi kwenye bahasha. Sinia inakaa saa moja kwenye kabati la joto, ndipo Briseida anakuja kurekodi bila kujua lolote.

Walifanya hivyo kila Jumanne na Ijumaa, wiki nne.

Jumatatu bahasha zote zikafunguliwa kwenye kikao. Kikanuka.

Hesabu zote zilimwagwa chungu kimoja, na jibu likatoka: hai na zilizokufa, hakuna tofauti.

Nilipoingia kukusanya vikombe, Briseida alikuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa ashuke njiani. Profesa Halvorsen, mzee asiyepandisha sauti, alikuwa anasema, "Kama ni hivi, Briseida, mwaka huu hakuna shahada."

Ukutani video ilikuwa inacheza. Juu yake imeandikwa: HAI.

"Hiyo imekufa," nikasema.

Kijiko kimoja kikaanguka kwenye trei yangu, kikapiga kelele kama kengele ya kanisa.

"Nani huyo?" akauliza Kip. "Kumbe dada wa vyombo ana sauti! Nilidhani ni bubu, mwaka wa pili huu namwambia hujambo."

"Mpime," Briseida akasema haraka. "Kip, nakuomba, mpime."

Kip akaficha maandishi yote, akacheza video mbili za kila siku ya majaribio. Kumi na sita. Mimi natetemeka kama chembe.

"Hai. Imekufa. Imekufa. Hai..."

Alipofunua majibu, utani ulimwisha. Jumanne zote nilikuwa nimelingana na bahasha. Ijumaa zote nilikuwa kinyume chake. Zote nne.

"Basi Ijumaa majina yaligeuka!" Briseida akapiga kofi. "Tukiyarudisha, kila kitu kinakaa sawa!"

Profesa akatikisa kichwa. "Hatubadilishi majina kwa sababu yanatupendeza. Huo ni uongo uliovaa koti jeupe. Nionyesheni kilichoyageuza. La sivyo, majibu ni haya haya."

Wakaanza kumtazama Kip. Kip akaanza kuapa.

Nami nikahesabu siku zangu za usafi.

Ijumaa.

Kila Ijumaa mimi ndiye ninayefuta kabati la joto.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo fani yangu. Nilikuwa nimeshakuwa shujaa, vikombe vipo mkononi, mlango uko wazi nyuma yangu.

Nikamtazama Briseida.

"Ni mimi," nikasema. "Ijumaa natoa sinia, nafuta, narudisha."

"Umegusa sinia?" Sauti ya Kip ilipanda mpaka darini.

"Nenda ukatuonyeshe," akasema Profesa.

Tukaongozana wote, msafara mzima. Kwenye mlango wa kabati kulikuwa na karatasi ya usafi: tarehe nne za Ijumaa, na pembeni ya kila moja herufi O, mwandiko wangu.

Nikachukua sinia tupu kama ninavyochukua siku zote. Nikaiweka kwenye kigari nyuma yangu. Nikafuta. Nikazunguka kigari, kwa sababu upande ule mlango wa kabati unabana, nikaibeba kutoka upande wa pili, nikairudisha.

Kushoto kukawa kulia.

"Rudia," akasema Profesa.

Nikarudia. Ikageuka tena.

Briseida akakaa sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikaanza kuvua glavu.

"Unakwenda wapi?" Profesa akauliza.

"Si nimefukuzwa?"

"Nani atanitambulia zilizokufa?" Akamgeukia Briseida. "Ijumaa zote nne zinatupwa. Rudieni. Siku mnazo."

Zikarudiwa. Kip alibandika utepe mwekundu kwenye kona moja ya sinia, akaandika: OBDULIA, HUKU NI KUSHOTO.

Briseida alipata shahada yake tarehe ishirini na nne mwezi wa sita. Kabla ya kuondoka kwenda San Diego aliniletea boksi zima la mikate.

Siku hizi napanda lifti.

Maana nimefikiria sana kuhusu miaka yangu miwili ya osha, kausha, nyamaza. Mtu angeirekodi, akaicheza mbele, akaicheza kinyume, asingeona tofauti yoyote.

Ndugu msomaji, ukiwa na neno la kumwokoa mwenzako, liseme, hata kama litakuumbua wewe mwenyewe. Usikae unatetemeka pale pale.