Ujumbe wa Bibi Uliokwenda Dunia Nzima

Kabla simu za mkononi hazijaenea kwetu, nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo ya mradi wa kahawa, Mbozi. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu ya mezani. Kila asubuhi, wakulima hawajaanza kuja, kompyuta hiyo iliipigia nyingine iliyokuwa Dar es Salaam, ikakwaruza na kupiga mluzi, ikaacha barua zetu na kuchukua zilizotungoja. Laini ikikatika, tulikaa kusoma tulicholetewa.

Barua nyingi zilitoka kwenye majukwaa ya mazungumzo. Mtu aliuliza jambo, labda kuhusu ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa, na kila kituo cha kompyuta kilichopokea swali lake kilikipa kituo kingine nakala, hadi likasomwa na watu asiowajua. Mkuu wangu wa kazi, dada wa Kindali aliyezaliwa Ikinga kule Ileje, ndiye aliyenifundisha kuyaandikia majukwaa hayo. Alinionyesha mstari uliokuwa juu ya kila ujumbe, uliouliza usambazwe hadi wapi. Ungeweza kuuacha ubaki kituoni kwetu, au uishie ndani ya nchi, au uende dunia nzima. Bei ya kahawa mbichi hapa Mbozi, alisema, haimsaidii mtu wa Norwe, na yeye pia analipia simu yake. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nijiulize kwanza nani anahitaji kukisikia.

Mwisho wa juma nilikuwa nakwenda Itaka kumwona bibi, mama yake baba. Siku moja tukipukuchua maharage nilimsimulia kazi yangu. Alisikiliza bila kuinua macho, halafu akauliza kama ujumbe wa namna hiyo unafika Zambia.

Nilijua anamuulizia nani. Baba mdogo, kitindamimba wake, aliondoka akiwa kijana baada ya kugombana na babu juu ya kipande cha shamba. Alikwenda kwenye migodi ya shaba. Mwanzoni alituma barua, kisha zikakoma. Baba yangu alimfuata hadi mji aliokuwa akiandikia, akakuta nyumba ile wanaishi wengine. Babu naye akafa. Majirani wakimuulizia mwanawe, bibi alijibu kwamba hajambo, akabadilisha mazungumzo.

Alinisemea kwa Kinyiha, nami nikaandika kwa Kiswahili. Ulikuwa ujumbe mrefu. Ulisema babu alikufa bila hasira, kwamba kitandani alimuulizia, na kwamba kipande kile cha shamba bado ni chake. Nilipomaliza kumsomea, alinishika mkono.

"Usiupeleke hapa kwetu," alisema. "Sitaki watu wa kata hii wasome habari za nyumba yangu. Uende Zambia tu."

Basi kwenye ule mstari nikaandika Zambia, nikauweka ujumbe kwenye jukwaa la watu wa nchi za kusini. Wiki zikapita. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufungua barua, na kila Jumamosi bibi alinitazama usoni.

Mwishowe dada, mkuu wangu, aliwapigia simu wenzake wa Dar es Salaam, wakaufuatilia ujumbe wetu. Haukufika. Zambia tuliiona kwa macho kila tulipokwenda Tunduma, ni kuvuka barabara tu, lakini kutoka kompyuta yetu njia ya kufika huko ilipita Dar es Salaam, ikatoka nje ya nchi, ikazunguka mbali ndipo ishuke Lusaka. Kila kituo kilijichagulia ujumbe wa maeneo gani kiupokee. Kimoja katikati hakikushughulika na ujumbe wa Zambia peke yake. Kiliuacha pale pale, wala hakikumwambia mtu.

"Ule mstari si anwani," dada aliniambia. "Ni ruhusa tu, na kila aliye njiani lazima akubali kuupitisha ujumbe. Ukitaka ufike, andika dunia."

Nilikwenda Itaka na moyo mzito. Nilimweleza bibi kwamba hatuwezi kumfikia mwanawe bila kupita kwa watu, na kwamba hata mtu wa hapa kwetu akifungua jukwaa lile atausoma. Bibi aliinuka, akafukuza kuku waliokuwa wanadonoa maharage, akarudi kukaa.

"Basi tupunguze maneno," alisema. "Ya kusameheana nitamwambia mwenyewe. Dunia iambiwe namtafuta mwanangu. Hilo si aibu."

Ujumbe wa pili, niliouandika kwa Kiingereza, ulikuwa na jina la baba mdogo, la kijiji, anwani ya ofisi, na maneno machache: mama yako yu hai, anakuulizia, njoo au tuma salamu.

Majibu yalianza kuja karibu mara moja, ila hakuna hata moja lililotoka Zambia. Mzee mmoja wa Kanada aliandika kwamba hamjui mtu huyo, ila naye alikaa mbali na mama yake mpaka akachelewa. Mwanafunzi wa India alisema ameubandika ujumbe wetu bwenini kwao, sijui kwa nini. Nilimtafsiria bibi yote. Kwa kila mmoja aliuliza kama ana mama, ana watoto, na huko kwao wanalima nini, kisha akanitaka nijibu.

"Mtu amekusalimia, utanyamazaje?" alisema.

Nikajifunza kuwajibu mmoja mmoja kwa anwani zao, maana ningejibu jukwaani, shukrani za bibi zingezunguka tena dunia nzima.

Jibu la Ndola, huko Zambia, lilikuja nilipokuwa nimeshaanza kukata tamaa. Mwalimu wa chuo kimoja alikuwa ameuchapa ujumbe kwenye karatasi na kuubandika kwenye ubao wa kanisani. Binti mmoja aliona jina la baba yake, akaibandua karatasi, akaenda nayo nyumbani. Baba mdogo alikuwa hai. Alikwishaacha mgodi, alitengeneza baiskeli. Mwalimu aliandika kwamba baba mdogo aliposomewa ujumbe alitoka nje, hakurudi ndani mpaka chakula kikapoa.

Tulikutana naye Tunduma, kwa shangazi yangu aliyeishi huko. Bibi alifika asubuhi akakaa kwenye benchi nje, akitazama kila aliyetokea upande wa mpaka, katikati ya malori na watu wenye mizigo. Alimtambua kabla yangu, kwa mwendo. Baba mdogo alipofika, binti yake akimfuata nyuma, alipiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi ya heshima, akafungua kinywa aseme. Kinyiha kilimtoka nusu. Neno la tatu lilikuwa la Kibemba, na la nne, ndipo machozi yakamshuka.

Bibi aliinama akamshika kidevu.

"Sema polepole," alimwambia. "Neno usilolikumbuka nitakupa mimi."

Waliingia ndani wakakaa mkekani mchana kutwa. Nilisikia sauti zao tu, yeye akikwama, bibi akimpa neno, naye akilirudia na kuendelea. Walichosameheana hakutueleza mtu. Baba mdogo alikwenda Itaka akaona kaburi la babu, akakaa hadi tukamaliza kupalilia, kisha akarudi Ndola kwa familia yake. Tangu hapo alikuja karibu kila mavuno, hadi bibi alipofariki, na alikuwa miongoni mwa waliombeba.

Siku ile ya Tunduma binti yake, yule aliyeibandua karatasi, alibaki nami uani kuosha vyombo. Yeye alijua Kibemba na Kiingereza, Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Aliniuliza namna ya kumwamkia bibi kwa Kinyiha. Nikamfundisha, akarudia kwa sauti ya chini huku akisuuza masufuria, akikosea, akicheka peke yake. Aliporidhika alikausha mikono kwenye sketi, akaenda akasimama mlangoni, akaisema salamu yote bila kukosea.

Bibi alisogea mkekani, akampisha nafasi.