Hapana ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, nasi msibani tukasema ni tumbo. Hapa Nyakakika tumbo linatosha. Mtu akiambiwa marehemu alisumbuliwa na tumbo, anasema poleni na kwenda kukaa na wenzake. Haulizi ni tumbo la juu au la chini. Tulimzika kibanjani, kando ya baba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Kabla ya hapo alilazwa kwenye hospitali kubwa ya rufaa, mbali na kwetu. Uvimbe ulipotolewa, aliombwa kipande chake kitumike kwa utafiti. Daktari wa utafiti, dada kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza kwamba ndani ya saratani kuna seli chache wanazoziita seli shina. Dawa ikiua zile nyingine, hizo zinaweza kubaki na kuotesha uvimbe upya. Kaka akacheka kwa taabu.

"Kama mgomba wenye mnyauko," akasema. "Ukikata juu ukaacha tunguu ardhini, umejidanganya."

Akakubali kutoa. Likabaki swali moja: wakigundua jambo linaloihusu familia yake, wawaambie ndugu zake? Kaka akasema, "Hapana. Msimwambie mtu."

Daktari alimwona mgonjwa mwenye akili timamu akijibu swali. Mimi niliona kingine. Miguuni pa kitanda alikuwa amesimama mkwe wake, mume wa binti yake, ameshika chupa ya uji. Kwetu baba hazungumzi habari za haja yake mbele ya mkwe. Siku ile hata ungemuuliza kaka kama ana utumbo, angekataa.

Msiba ulipokwisha, shemeji, mjane wake, alinifuata kibanjani nikipunguzia migomba majani.

"Shemeji, mwanao anaumwa."

"Mwanangu yupi?"

"Kwani Songambele umeoza wangapi?"

Alikuwa akimsema binti wa kaka, aliyeolewa kijiji cha Songambele. Binti alikuwa amemnong'oneza mama yake kwamba akienda chooni anaona damu. Zahanati walimwambia ni bawasiri, wakampa dawa. Baba yake naye mwanzoni aliambiwa bawasiri.

"Basi apelekwe akapimwe," nikasema.

"Nawe! Kipimo hicho ni safari. Nimuombe mama mkwe wake ruhusa nikimwambia nini? Kwamba nimewapa mke mwenye ugonjwa wa ukoo? Kwanza tujue kama ni wa ukoo. Nyama ya mume wangu wanayo, majibu wanayo. Nenda kayachukue."

Nilimwona ana hoja. Nikasafiri.

Mapokezi walitazama kitambulisho changu, wakatazama jina la marehemu. "Mzee, mnasema mmezaliwa tumbo moja, mbona majina hayafanani?" Nikaeleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake, hatugawani moja. Wakaniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Nikarudi Nyakakika, nikaileta. Safari hiyo wakaniambia idara niliyopelekwa siyo, niende nyingine. Huko mlango ulikuwa umefungwa, na aliyejua ufunguo ulipo alikuwa semina. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini najua mtu akiwa anasukumwa.

Mwishowe nilimpata yule daktari. Alinikumbuka.

"Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba."

Nikamwambia kuna mtu wa familia anasumbuliwa na tumbo, nasi tunataka kujua walichokiona kwenye nyama ya kaka.

"Sina namna, baba. Kile kipande kilipewa namba, jina likawekwa mbali. Mimi nikifungua kompyuta naona namba tu. Anayeweza kuunganisha namba na jina ni mtu mwingine, naye haruhusiwi bila ridhaa."

"Ridhaa ya nani?"

"Ya mwenye nyama."

"Mwenye nyama nimemzika."

"Najua. Naye alisema hapana."

Nikamweleza habari ya mkwe na chupa ya uji. Aliinama.

"Hilo hatukulijua."

"Mngeuliza."

"Ni kweli. Lakini siwezi kuigeuza, baba. Tumefunga hivyo ili siri ya mgonjwa isimfikie asiyestahili. Mwajiri, jirani..."

"Wakwe," nikasema.

"Hata wakwe."

Nikamuuliza ile nyama iko wapi. Akasema sehemu imegandishwa, na kwenye sehemu nyingine wametoa zile seli, wanaziotesha kwenye vyombo maalumu ili wajue dawa gani inaziweza. Zinaendelea vizuri.

Zinaendelea vizuri! Kaka yangu amelala ardhini, na kilichomuua kinalishwa na kutunziwa joto lake. Kina namba, kina walinzi, kina ufunguo unaoshikwa na mtu ambaye sitamwona. Najua wanatafuta dawa, na siku moja itamfaa mtoto wa mtu. Lakini mtoto wangu alikuwa anaumwa wakati ule, na kwake ile elimu yote ilikuwa kama chakula kilichofungiwa ghalani.

Daktari alinisindikiza hadi getini. Hapo akaniuliza, "Huyo ndugu anayesumbuliwa na tumbo, anasikia nini hasa?"

Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Hakukuwa na anayenijua mji mzima ule, bado niligeuka.

"Anatoka damu chooni. Ni binti yake."

Alisimama. "Baba! Binti ambaye baba yake aliugua saratani hii, naye anatoka damu, hahitaji majibu yangu. Anahitaji kupimwa, tena upesi. Hilo ningemwambia hata mtu nisiyemjua njiani. Mbona hukusema?"

"Nilisema tumbo."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumpa.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Songambele. Mama mkwe wa binti alinikaribisha, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama ilivyo ada. Mwanawe akaketi kando yake. Binti alikuwa amekaa mkekani, amekonda, shingo imemtoka. Niliiweka kahawa chini kabla ya kuionja, nikasema yote. Utumbo, choo, damu, saratani. Maneno hayo sikuwahi kuyatamka ugenini.

Mama mkwe alitafuna polepole. "Kumbe ndilo lile tumbo lenu?"

"Ndilo."

"Tumbo kila mtu analo, mkwe. Mngesema."

Nikamgeukia kijana. Nikamwambia baba mkwe wake alikataza tusiambiwe kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale, na asingeweza kuaibika mbele yake.

Kijana alitazama sakafu. "Baba mdogo, ile siku ulipotoka kwenda kutafuta dawa, alijichafua. Wauguzi walikuwa mbali. Mimi ndiye niliyemwosha."

"Wewe?"

"Mimi. Damu niliiona. Tulikubaliana kwa macho kwamba sikuiona."

"Na mkeo anapoumwa, bado huna la kusema?"

"Ningesemaje? Yule ni mkwe wangu."

Mama mkwe aliacha kutafuna. Kule hospitali hapana ya kaka ilikuwa ingali imefungiwa, salama, ikimficha asionwe na mtu aliyekuwa amemwosha kwa mikono yake.

Binti akainuka mkekani. "Baba mdogo, tunaondoka lini?"

"Kesho asubuhi," akajibu mumewe kabla yangu. Mama mkwe akasukuma kisahani cha kahawa kuja upande wangu, akasema nile, safari bado.