Kadi ya Magogo Saba

Nilikuwa mtoto mwenye hasira za karibu. Ukiniita mchafu, nilikwenda kunawa. Ukiniita mvivu, nilicheka, maana ilikuwa kweli. Lakini ukiniita mwongo nilitetemeka midomo na sikujua tena nilikuwa naongea na nani. Mama alisema ulimi hauna mfupa, ila wa kwangu una pilipili.

Hapo Nyamitaba, kwetu Masisi, kabla barabara haijafungwa, mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo alikuwa na duka karibu na soko. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, Bikira Maria juu ya mizani, na chumvi yake haikupunjwa. Aliuza shikleti, ubani ule wa kutafuna, zenye kadi ndani ya karatasi. Watoto walipigania kadi za wachezaji wa mpira na za magari. Zilikuwepo aina mbili ambazo hakuna aliyezitaka: ng'ombe wa Ulaya, na madaraja. Zilitupwa palepale kwenye ngazi za duka, watu wakazikanyaga na matope yao.

Mimi na binamu yangu, binti wa shangazi, ndio tuliokuwa tukiziokota. Yeye alipenda madaraja kwa sababu mkono wake ulijua kupiga mstari ulionyooka bila rula. Mimi nilipenda ng'ombe kwa sababu baba alifuga, na kwa sababu sikupenda kuona kitu kinadharauliwa bure.

Halafu vita vikapanda tena hadi kwetu, malori yakaacha kuja, na shikleti zikaisha. Papa wa duka akatupatia makartoni matupu ya sabuni. Tuliyakata kwa wembe, kila kipande ukubwa wa kiganja, tukaamua kuzifufua zile aina mbili katika kadi moja: juu ng'ombe wa kwetu, chini daraja analovuka kwenda malishoni. Tuligombana juma zima kuhusu mchoro. Binamu alitaka daraja lichukue nusu ya kadi. Mimi nilitaka pembe zitokeze nje ya fremu, maana ng'ombe wa Masisi hakai ndani ya sanduku. Mwishowe kila mmoja alipata alichotaka na ng'ombe wakabaki na miguu mifupi kama ya nguruwe. Rangi nyeusi ilikuwa makaa, nyekundu udongo wa njiani. Kadi za kwanza zilifutika mikononi, ndipo tukajifunza kuzisugua kwa mshumaa.

Pembeni tuliandika hesabu. Vikombe vya maziwa, urefu wa pembe, ukali. Kwa daraja, idadi ya miti na kina cha maji. Wachezaji wawili wanaweka kadi chini, mmoja anataja sifa, mwenye kubwa anachukua zote. Sheria niliziandika mimi. Moja ilikuwa ya kuzuia uongo, maana watoto walianza kuchora ng'ombe wa kukamuliwa vikombe mia. Ukidhani kadi ni ya uongo, unasema. Mwenye kadi lazima aeleze ng'ombe yuko wapi na daraja liko wapi. Akishindwa, kadi inachanwa. Akiwa na haki, unamlipa kadi mbili. Nilijivunia sheria hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Wakati huo ng'ombe wetu tisa hawakuwa tena kilimani. Wenye silaha walikuwa wamekwisha kupita Burungu na Muheto wakiacha mazizi matupu, na baba aliona zamu yetu inakaribia. Alikuwa na rafiki upande wa Walikale, mkulima na mwindaji wa msituni aliyekuwa akituletea nyama ya kukaushwa. Rafiki huyo alimwonyesha uwanda wa majani katikati ya miti, mwendo wa siku moja na zaidi, ng'ambo ya mto. Ng'ombe wakafichwa huko. Baba alituambia mimi na mama, mbele ya rafiki yake, kwamba tunaojua ni sisi wanne, na pakitajwa tutabaki bila maziwa, bila ada ya shule, na pengine bila yeye, kwa sababu alikuwa akilala hukohuko na mifugo.

Nilipajua kwa sababu nilikwenda mara moja, nimebeba chumvi ya ng'ombe. Rafiki wa baba ndiye aliyejenga daraja. Alisali Baba Yetu, kisha akalitemea mate gogo la kwanza kama wazee wa kwao walivyofanya, akalala chini kulifunga kwa kamba za mwitu. Hakutumia msumari hata mmoja. Niliketi kwenye jiwe na kipande cha kartoni. Akaniuliza naandika nini, nikamwonyesha. Alicheka sana kuona daraja lake lina fremu. Akasimama ndani ya maji ili nione kina.

"Andika inafika mu kifua," akasema. "Na miti ni saba. Lakini usiandike fasi, mutoto yangu."

Sikuandika mahali. Niliandika hesabu tu, na juu yake binamu akachora ng'ombe wetu mwenye paji jeupe. Nilijiambia kwamba kadi haisemi. Ukweli ni kwamba binamu alikuwa akinishinda mfululizo, na nilihitaji kadi ambayo haishindiki.

Siku ya soko, tulikuwa tukicheza kwenye baraza ya duka. Kule juu ya njia palikuwa na kizuizi cha kamba, na mmoja wa wale vijana wenye bunduki alishuka kutafuta sigara. Alisimama akitutazama kwa muda. Kisha akaegemeza bunduki ukutani, akaketi kati yetu, akaomba afundishwe. Papa wa duka akaingia ndani akaanza kupanga vitu vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Yule kijana alishika mchezo haraka kuliko watoto wote. Alikuwa na mikono safi, kucha zimekatwa. Binamu alimwazima kadi, akashinda mara tatu, akacheka kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikaanza kumpenda, nasema kweli, kwa sababu alisoma kila hesabu kwa makini. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuzisoma kadi zetu. Nikaweka chini paji jeupe.

Aliiinua akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ni ya uongo, dada," akasema taratibu. "Ng'ombe ya vile haiko tena huku. Tulizimaliza. Na daraja ya miti saba bila musumari, nani aliijenga?"

Binamu alinifinya paja. Nilihisi vidole vyake vizuri tu. Lakini watoto wote walikuwa wananitazama, na sheria ilikuwa yangu.

"Iko," nikasema. "Unafuata njia ya Walikale, unapita mulima ya mwisho, unashuka mu mto kwenye mawe meusi. Miti ni saba. Nilihesabu miye mwenyewe."

Akairudisha kadi mahali pake kwa vidole viwili.

"Nitaenda kuangalia," akasema. "Kama ni kweli, nitakulipa."

Alichukua bunduki yake akapanda njia. Papa wa duka akatoka akatuambia twende nyumbani, leo anafunga mapema. Jua lilikuwa bado utosini.

Njiani binamu alilia, akasema nimwambie mama. Nilimjibu kwamba nitamwambia. Nilifika nikamkuta mama anapembua maharagwe, na nikaogopa kofi. Ndivyo ilivyokuwa, sina maneno mazuri ya kuifunika. Nikasema kesho. Kesho yake nikajipa moyo kwamba yule kijana amesahau, mtu mzima hawezi kutembea siku nzima kwa ajili ya kadi ya watoto. Siku ya tatu nilitazama kizuizi kutoka mbali, na hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imelala chini barabarani. Bado sikusema.

Siku ya tano baba akarudi bila viatu, mkono mmoja umevimba hadi kiwiko. Alikuwa hai, na nilimshukuru Mungu kwa unafiki mkubwa. Alisema walikuja asubuhi, moja kwa moja, bila kuuliza njia. Walivuka daraja kama watu waliolijenga. Wakawaswaga tisa wote.

Soko lililofuata, yule kijana alinikuta nimesimama na mama kwenye meza ya mboga. Aliweka kadi mbili juu ya lengalenga, zile ambazo binamu alimwazima. "Ulisema kweli," akaniambia, akaenda zake. Mama alinitazama. Sijawahi kujua alielewa kiasi gani.

Baba hakunishuku hata siku moja. Mkewe hakumtilia shaka, na mtoto ni mtoto. Akabaki mtu mmoja. Rafiki alipokuja kutupa pole, na nyama yake imefungwa kwenye majani, baba hakumkaribisha kiti. Alimwacha amesimama mlangoni akamuuliza nani mwingine alijua, na kwa nini wenye silaha hawakugusa shamba lake wakati walipita kando yake. Nilikuwa hapohapo, nimechuchumaa na kisu, namenya viazi.

Yule mtu aligeuka. Akanitazama. Alikuwa ameiona kadi, alikuwa amesimama ndani ya maji kwa ajili ya kadi ile, na niliona usoni mwake kwamba amekwisha kuelewa. Nikainamisha kichwa nikachukua kiazi kingine.

"Papa," akamwambia baba, "kama roho yako inasema ni miye, basi ni miye. Usitafute tena."

Aliweka nyama chini kizingitini akaondoka. Baba aliisukuma nje kwa mguu, mbwa wakaila. Tangu siku hiyo alimwita msaliti mbele ya kila mtu, kanisani, sokoni, kwa ndugu zake wa Walikale pia, na watu wakaacha kununua kwake. Sikuwahi kumwona tena. Baba alizikwa miaka mingi baadaye, akiwa bado anaamini hivyo, na mimi ndiye niliyemuuguza hadi mwisho, kila siku nikisema kesho.