Siku Tuliyompandisha Mama Mkwe Kilimani

Nilipochaguliwa kuingia kamati ya maafa ya kijiji, nilidhani kazi yenyewe ni kukaa kikaoni na kunywa soda. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, mbele kidogo ya Mbingu. Juu yetu, mlimani, kuna bwawa la kumwagilia mpunga. Tulilipenda. Hakuna aliyewahi kuliwaza kama kitu cha kukimbiwa.

Mhandisi wa bwawa, dada mmoja mpole, alikuja akatueleza bila kuficha. Tuta likipasuka, maji yatatufikia kabla sufuria ya wali haijaiva. King'ora kikilia, mtu asibebe kitu, apande moja kwa moja kilima cha shule.

Siku ya zoezi la kujiokoa king'ora kilipolia, watu walipanda wakicheka. Kule juu nikawaona wanangu na wenzao wa darasani, lakini mama mkwe sikumwona. Nilirudi mbio nikamkuta uani, anapepeta mchele. Aliwahi kuvunjika nyonga, akawa anatembea kwa fimbo toka kitandani hadi uani, basi. Mume wangu anafanya kazi mbali, kwenye mashamba ya miwa, hivyo mtu mzima mwenye miguu nyumbani nilikuwa mimi tu.

"Mama, hukusikia king'ora?"

"Nimesikia. Mimi nimeshaishi, mwanangu. Maji yatanikuta hapa na ungo wangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi. Iliniuma.

Kikaoni mwenyekiti akasema zoezi limefana. Nikasimama. "Halijafana. Mama yangu amebaki chini, na yule mzee asiyeona amebaki. Tumepanga mpango wa wenye miguu."

Mhandisi hakubisha. "Unapendekeza nini?"

Nikaomba siku chache. Nikasema nitaleta jibu.

Jirani yangu, Msukuma mmoja mwenye mabega mapana, alikata mianzi, mimi nikashona magunia ya mpunga. Tukapata machela mbili. Mama mkwe alipoiona ya kwake akageuza uso. "Sibebwi kama maiti."

"Basi na mimi sipandi," nikasema. "King'ora kikilia nitakaa hapa, tupepete wote."

"Na wajukuu zangu utamwachia nani?"

"Ndicho ninachokuuliza wewe, mama."

Alipepeta mara mbili. Kisha akaweka ungo chini. "Haya, lileteni hilo gunia lenu."

Tulifanya mazoezi kila Jumamosi, wengine wakitucheka, mpaka wabebaji wakajua pa kubadilishana mabega na pa kukanyaga.

Masika yalipokolea, asubuhi moja king'ora kililia bila tangazo lolote la zoezi. Hakuna aliyecheka. Jirani yangu na wenzake walifika nikiwa nimeshamtoa mama mlangoni. Njia ilikuwa tope tupu. Katikati ya kilima mbebaji mmoja aliteleza akaumia goti, nikashika mwanzi wake. Sikuuachia hadi juu. Mama mkwe, mvua ikimpiga usoni, alikuwa anatuamuru: "Kushoto! Hapo pana shimo! Msinitazame mimi, tazameni njia!"

Tulipofika juu wanangu walimrukia bibi yao. Mzee asiyeona aliletwa nyuma yetu. Kutoka pale tuliona mto ukigeuka rangi ya udongo na kumeza mashamba ya bondeni, miche yangu ya mpunga ikiwemo. Tuta lilikuwa limeanza kuvuja. Mhandisi na wenzake walifungua milango ya bwawa, maji yakapungua, tuta likashika. Jioni tukateremka, wote.

Kikao kilichofuata mama mkwe alidai naye apelekwe kwa machela. Alikaa mbele kabisa, akauliza kitongoji cha pili kina machela ngapi.

"Bado hakina, mama," mwenyekiti akajibu.

"Basi mianzi ikakatwe leo," akasema. "Mvua haijaisha."